Sura ya Pili: Tone Moja la Damu

Muuguzi anapokuchoma kidoleni ili akupime malaria, tone linalotoka lina ujazo wa mikrolita 50 hivi, yaani sehemu moja ya mia ya kijiko cha chai. Ndani yake mna chembe nyekundu zisizopungua milioni 200, chembe nyeupe laki mbili hadi tano, chembe sahani zipatazo milioni 10, na majimaji ya rangi ya manjano yaitwayo plazma, ambayo zaidi ya asilimia 90 ni maji matupu.

Yakaushe maji hayo, weka chumvi kando, kisha uulize kilichobaki ni nini. Jibu lina makundi manne: sukari na jamaa zake, mafuta, protini, na asidi nukleiki. Makundi hayo manne ndiyo yanayojenga mbuyu, dagaa, bakteria wa kipindupindu na wewe unayesoma. Hakuna kiumbe hai yeyote aliyewahi kuchunguzwa akakutwa amejengwa kwa kitu kingine.

Ukizidi kuchambua, utashangaa jinsi malighafi yenyewe ilivyo ya kawaida. Oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni peke yake zinafikia asilimia 96 ya uzito wa mwili wa binadamu. Zote zimejaa hewani na majini. Kinachozipa uwezo ni kaboni, kwa kuwa kila atomi yake inaweza kushikana na atomi nyingine nne, zikiwemo kaboni wenzake, na hivyo kujenga minyororo mirefu, matawi na pete.

Kwa herufi nne zilezile mtu huandika mali, mila, lima na imla. Wino haukuongezeka, karatasi ni ileile, lakini kila neno limebeba jambo lake. Ndivyo molekuli za uhai zinavyofanya kazi: vipande ni vichache, na karibu kila tofauti inatokana na jinsi vilivyopangwa. Sura hii inafuata hoja hiyo ndani ya tone moja la damu, hadi mahali ambapo kubadilika kwa herufi moja kunamfanya mtoto alie usiku kucha kwa maumivu ya viungo.

Sukari: nishati na kitambulisho

Sukari inayosafiri katika damu ni glukosi: atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Mtu mzima mwenye afya, akiamka asubuhi kabla ya kula, huwa na karibu gramu moja ya glukosi kwa kila lita ya damu. Kwa kuwa ana lita tano hivi za damu, sukari yote inayozunguka mwilini mwake haizidi kijiko kimoja cha chai. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Mwili hauna budi kuiondoa haraka katika mishipa na kuihifadhi kwenye ini, misuli na mafuta, kazi inayosimamiwa na homoni ya insulini. Insulini ikikosekana, au seli zikiacha kuitii, huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Bila glukosi, chembe nyekundu haina njia nyingine ya kuishi. Seli nyingi zina mitokondria, vijisehemu vinavyoweza kuchoma hata mafuta ili kupata nishati. Chembe nyekundu haina hata kimoja, kwa hiyo inabeba oksijeni ya mwili mzima na yenyewe haiitumii, inajiendesha kwa glukosi peke yake.

Glukosi hiyo ilianzia shambani. Mmea wa mahindi huitengeneza kwa hewa ya kaboni, maji na mwanga wa jua, kisha huunganisha maelfu ya glukosi kuwa mnyororo mmoja wa wanga na kuuweka ndani ya punje. Mmea huohuo, kwa glukosi ileile, hutengeneza pia selulosi inayoshikilia bua lisimame. Tofauti kati ya wanga na selulosi ni jinsi glukosi moja ilivyogeuzwa inaposhikana na inayofuata. Mate yetu yana kimeng'enya cha amilasi kinachokata kiungo cha wanga, ndiyo maana kipande cha muhogo ukikitafuna kwa muda mrefu kinaanza kuwa kitamu mdomoni. Kiungo cha selulosi hatuna cha kukikatia. Ng'ombe naye hana, ila tumboni mwake wanaishi vijidudu wanaoweza. Kwa sababu ya kiungo kimoja, punje imekuwa chakula cha mtoto na bua limekuwa chakula cha ng'ombe.

Sukari ina kazi ya pili ambayo watu wengi hawaijui. Mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari Karl Landsteiner wa Vienna alichanganya damu za watu mbalimbali akaona baadhi zinagandamana na nyingine hapana. Mwaka 1901 alichapisha ugunduzi wa makundi ya damu. Leo tunajua kwamba juu ya kila chembe nyekundu zimesimama nyuzi fupi za sukari. Mtu wa kundi A ana sukari fulani mwishoni mwa uzi. Mtu wa kundi B mahali hapohapo ana galaktosi. Mwenye AB ana zote mbili. Wa kundi O ncha yake haina nyongeza yoyote. Sukari moja kwenye ncha ya uzi ndiyo inayoamua kama chupa ya damu iliyotundikwa wodini itaokoa maisha au itaua.

Mafuta: mpaka wa seli

Mafuta yamepewa jina baya, na daktari anayekuambia upunguze lehemu ana sababu zake. Hata hivyo, bila mafuta pasingekuwa na seli, kwa kuwa kila seli inahitaji mpaka kati ya ndani na nje, na mpaka huo ni wa mafuta.

Waliotaka kuujua mpaka huo waliuendea kupitia damu. Mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walichukua chembe nyekundu za binadamu na za wanyama kadhaa, wakayatoa mafuta yake yote kwa asetoni, kisha wakayatandaza juu ya maji hadi yakawa tabaka lenye unene wa molekuli moja. Walipopima eneo lake, walikuta ni kama mara mbili ya eneo la ngozi ya chembe zenyewe. Wakahitimisha kwamba kila chembe imezungukwa na tabaka mbili za mafuta. Baadaye ilionekana kuwa asetoni haikuyatoa mafuta yote, na kwamba walikosea pia kukadiria ukubwa wa chembe. Makosa hayo mawili yakafidiana, na jibu likabaki kuwa sahihi.

Kwa nini tabaka mbili? Molekuli ya mafuta ya utando ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zitie nyingi majini, nazo zitajipanga zenyewe: vichwa nje, mikia ikielekeana ndani. Hakuna fundi anayezipanga. Utando unaopatikana una unene wa nanomita tano hivi, ungehitaji kubandika karibu 20,000 ili upate unene wa karatasi ya daftari. Kati yake hukaa kolesteroli, yaani ile lehemu, ambayo huufanya usilegee mno wala usikakamae. Kolesteroli inayoogopwa katika mishipa ya moyo ndiyo hiyohiyo ambayo bila yake seli isingedumu, na mwili huitumia pia kutengeneza vitamini D na homoni za uzazi.

Utando huu ni laini ajabu. Chembe nyekundu yenye upana wa mikromita saba au nane hupenya mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, hujikunja, hupita, kisha hurudia umbo lake. Hufanya hivyo kwa siku 120 hivi kabla ya kuchoka na kuondolewa. Kumbuka ulaini huo, maana tutauhitaji.

Protini: watenda kazi

Ikaushe chembe nyekundu, na karibu uzito wote unaobaki ni wa molekuli moja, hemoglobini. Chembe moja tu ina hemoglobini zipatazo milioni 270. Ndiyo inayoipa damu rangi yake, na ndiyo inayochukua oksijeni mapafuni na kuishusha misulini, ubongoni na kwenye figo.

Hemoglobini ni protini, na protini zote hujengwa kwa namna moja. Ziko asidi amino za aina 20. Seli huziunganisha moja baada ya nyingine kuwa mnyororo, na mnyororo hujikunja kuwa umbo maalumu kulingana na mpangilio wake: zinazokimbia maji hujificha ndani, zinazoyapenda hubaki nje, zenye chaji kinzani huvutana. Umbo ndilo linaloamua kazi. Mpangilio mmoja unatoa ukucha, mwingine unatoa kimeng'enya cha kusaga nyama ya mbuzi, mwingine unatoa kingamwili inayokamata kirusi cha surua. Insulini ina asidi amino 51 tu, nayo ilikuwa protini ya kwanza kusomwa mpangilio wake wote, kazi iliyomchukua Frederick Sanger wa Cambridge miaka kumi hivi hadi 1955, na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Hemoglobini ni kubwa zaidi: minyororo minne, miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146. Jumla ni 574. Kila mnyororo umeshikilia atomi moja ya chuma, na kila atomi ya chuma hubeba molekuli moja ya oksijeni. Ndiyo sababu mama mjamzito huhimizwa kumeza vidonge vya madini ya chuma: bila chuma, hemoglobini haina cha kushikia oksijeni.

Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za kijana kutoka kisiwa cha Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, aliyekuwa na upungufu wa damu na ambaye chembe zake, zikitazamwa kwa hadubini, baadhi zilipinda kama mundu. Watu wa Afrika walikuwa wanaujua ugonjwa huo kwa dalili zake tangu kale: watoto wenye vidole vilivyovimba, macho ya manjano, na maumivu ya mifupa yanayokuja na kuondoka. Tunauita selimundu, wengine sikoseli.

Kwa karibu miaka 40 hakuna aliyejua chanzo. Kisha mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake katika chuo cha Caltech, California, walipitisha umeme katika hemoglobini za watu wazima wenye afya na za wagonjwa. Hazikusafiri sawa. Hemoglobini ya wagonjwa ilikuwa na chaji tofauti. Waliobeba kinasaba cha ugonjwa huo bila kuugua walikuwa na mchanganyiko wa aina zote mbili. Pauling aliuita ugonjwa wa molekuli, na ulikuwa wa kwanza kupewa sifa hiyo: shida yote imeanzia ndani ya molekuli moja.

Lakini wapi? Mwaka 1956, Vernon Ingram huko Cambridge aliikata hemoglobini vipandevipande kwa tripsini, kimeng'enya cha utumbo, akavitandaza vipande hivyo kwenye karatasi. Madoa yalilingana isipokuwa moja. Alilifuatilia, na mwaka uliofuata akatoa jibu: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, mahali pa asidi ya glutamiki pamekaliwa na valini. Asidi amino zote nyingine ziko palepale. Kwa kuwa kuna minyororo miwili ya beta, 572 kati ya 574 ni zilezile.

Asidi ya glutamiki inapenda maji. Valini inayakimbia. Hemoglobini ikishusha oksijeni, valini hiyo iliyojitokeza nje hutafuta pa kujificha, na hupata mfuko mdogo ubavuni mwa hemoglobini ya jirani. Hiyo hushika nyingine, nayo nyingine, hadi inakuwa fimbo ndefu ngumu inayousukuma utando kutoka ndani. Chembe inapinda. Ule ulaini wa kupenya mishipa myembamba unapotea, njia inaziba, na sehemu iliyo mbele inakosa hewa. Huo ndio uchungu anaoulilia mtoto. Chembe hizo huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, na ndiyo maana damu yake haitoshi.

Asidi nukleiki: maandishi

Valini ilifikaje pale? Ili kujibu, tutazame chembe nyeupe za tone letu, maana chembe nyekundu haiwezi kutusaidia. Ikiwa bado changa ndani ya uboho wa mfupa, chembe nyekundu huwa na kiini. Inapokaribia kuingia kwenye mzunguko wa damu hukitupa ili ipate nafasi zaidi ya hemoglobini. Vipimo vya vinasaba vinavyofanywa kwa damu husoma chembe nyeupe.

Ugunduzi wa asidi nukleiki ulianza kwenye chembe hizo nyeupe. Mwaka 1869, kijana Mswisi Friedrich Miescher alikuwa akifanya kazi Tübingen, Ujerumani, katika maabara ya Felix Hoppe-Seyler, yule aliyeipa hemoglobini jina lake miaka mitano kabla. Maabara ilikuwa ndani ya jiko la zamani la ngome. Miescher alikusanya bandeji zilizojaa usaha kutoka kliniki ya upasuaji, maana usaha umejaa chembe nyeupe, akatoa viini vyake na kupata kitu ambacho si protini wala mafuta: kilikuwa na fosforasi nyingi, na kimeng'enya cha pepsini hakikuweza kukisaga. Hoppe-Seyler hakuamini hadi aliporudia majaribio mwenyewe, na makala ikatoka mwaka 1871.

Kitu hicho ndicho DNA. Kwa miongo mingi wanasayansi walikidharau, wakidhani urithi hauna budi kuwa ndani ya protini zenye vipande 20 vya kuchezea, si ndani ya molekuli yenye vipande vinne tu. Mwaka 1944, Oswald Avery na wenzake wawili huko New York walionyesha kwamba DNA ndiyo inayobadilisha tabia za bakteria. Mwaka 1953, James Watson na Francis Crick, wakitumia pia picha za eksirei kutoka kwa Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling wa King's College London, walieleza umbo lake: nyuzi mbili zilizosokotana, na vile vipande vinne, vinavyoandikwa kwa herufi A, T, C na G, vikielekeana: A ikikabili T, C ikikabili G. Ukiujua uzi mmoja, umeujua wa pili. Hivyo seli inapogawanyika, kila uzi unatoa mwenzake.

Seli moja ya binadamu imebeba DNA yenye urefu wa mita mbili hivi, na seti moja ya urithi ina herufi zipatazo bilioni 3. Herufi husomwa tatutatu. Zipo namna 64 za kupanga tatu kati ya nne, na karibu zote zinataja asidi amino fulani. Seli hunakili sehemu inayohitaji kwenye RNA, binamu wa DNA, na mtambo mdogo uitwao ribosomu husoma nakala hiyo na kuunganisha mnyororo wa protini. Chanjo kadhaa za korona zilizotolewa kuanzia mwishoni mwa 2020 zilitumia njia hiyohiyo: zilipeleka nakala ya RNA, na seli za mwili zikatengeneza protini ya kirusi zenyewe.

Kwenye furushi la DNA liitwalo kromosomu ya 11, mahali panapoagiza asidi amino ya sita ya beta, watu wengi wana GAG. Mwenye selimundu ana GTG. A imekuwa T. Hakuna kingine.

Kwa nini herufi hiyo haikupotea

Kosa linaloua watoto lilitarajiwa kufifia kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alikusanya damu za watu katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na herufi hiyo kutoka kwa mzazi mmoja. Nyanda za juu haikufika hata asilimia moja. Tofauti ilifuata mbu. Mwaka 1954, Allison alichapisha ushahidi kwamba anayerithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja anakingwa dhidi ya malaria, na tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa kinga dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Malaria iliwaua wengi wasio nayo, selimundu iliwaua wanaoirithi pande zote mbili, na waliobaki katikati ndio waliozaa zaidi.

Kwa hiyo herufi hii ni alama ya mababu walioishi penye mbu, na inaonekana vilevile Uarabuni, India na kando ya Mediterania. Uchawi na laana havihusiki, na damu ya mama haikuharibika.

Tiba zinazidi kuimarika. Dawa ya haidroksiyurea huamsha hemoglobini ya utotoni, ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta na hivyo haijipangi kuwa fimbo. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni inayofanya kazi hiyo katika seli za uboho, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa huko Marekani. Kwa bei hiyo, tiba haijafika kwetu. Kilichopo ni cha gharama ndogo na kinaokoa maisha: kumpima mtoto mapema, kumpa penisilini na chanjo, kumkinga na malaria, kumnywesha maji ya kutosha, na kumpatia haidroksiyurea anayeihitaji.

Kipimo cha damu kitakuambia kama wewe ni AA, AS au SS, ambapo A ni hemoglobini ya kawaida na S ni ya selimundu. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto wa SS, na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Wachumba wapime kabla ya ndoa, ili waamue wakijua. Na mahali ambapo mtoto mgonjwa tayari yupo, mama asibebeshwe lawama peke yake: ili mtoto awe SS, herufi moja lazima itoke kwa mama na nyingine kwa baba.